Karata Zilizozidi za Fundi Halfani

Ukitaka kumuudhi Halfani Kudra, fundi cherehani wa Mshindo, Iringa, usimwambie suruali aliyokushonea inabana. Hilo alishalizoea. Mwambie pakiti yake mojawapo ya karata ina pengo. Hapo hapo ataondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, atasogeza miwani juu ya paji la uso, na atavuta daftari kutoka chini ya meza. Utasimama hapo na suruali yako mkononi mpaka akuoneshe kwamba pengo hilo analijua tangu zamani, na tarehe ipo.

Mwaka hamsini na sita alikuwa na pakiti kumi na nne. Zote zilitoka kwenye klabu ya Wazungu. Mzungu karata moja ikimpotea anatupa pakiti nzima, na mpishi wa pale alikuwa anaziokota na kumletea. Kwa hiyo Halfani alikuwa tajiri wa pakiti kumi na nne ambazo hata moja haikuwa kamili. Kila pakiti ilikuwa na mfuko wake wa kitambaa. Kama uliwahi kujiuliza kipande kilichobaki cha kitambaa chako kilikwenda wapi, ungetazama ile mifuko ungepata jibu.

Alikuwa anaziazimisha. Harusi, matanga, vijana wa barazani, madereva, yeyote. Lakini hazitoki bila kuandikwa. Kwenye daftari kulikuwa na namba ya pakiti, nani anayo, iko wapi, ina mapengo gani, na mwisho kabisa mstari wa ukaguzi. Mapengo aliyaziba kwa vipande vya boksi la sabuni, kaandika juu yake "saba ya shupaza" au "mbili ya pau" kwa mwandiko wa kujivunia.

Kitu kimoja hakikuwemo kwenye daftari, lakini mji mzima ulikijua. Halfani hakujua kucheza. Tangu aanze kukusanya karata hakuwahi kushinda hata mkono mmoja.

Sasa, misheni kulikuwa na Bruda mmoja Mtaliano, mzee, fundi seremala, ambaye watu walimwita Bruda Msumari kwa sababu alikuwa anaongea huku ameshikilia misumari kwa meno. Maumivu ya mguu yalipomzidi, wakubwa wake wakaamua arudi kwao akatibiwe. Siku ya safari lori lilisimama mbele ya kibanda cha Halfani, injini inanguruma, Bruda akateremka na kijisanduku cha mbao.

"Halfani, hii ni karata za baba yangu. Wewe mtu wa karata. Mimi naacha kwako amana. Usipoteze hata moja."

"Hata moja, Bruda."

"Hata moja!" alirudia Bruda, na lori likaondoka naye.

Halfani alifunga kibanda mapema siku hiyo. Akafungua kijisanduku, akahesabu. Sabini na nane. Akahesabu tena, sabini na nane. Akakaa chini. Kila mtu mwenye akili anajua karata ni hamsini na mbili. Tena zilikuwa za ajabu, ndefu kama ulimi wa ng'ombe. Badala ya kopa na uru kulikuwa na vikombe, sarafu, panga na marungu. Haya, hayo alikubali, kila nchi na mambo yake. Lakini zile nyingine? Mtu ananing'inia mguu mmoja, kichwa chini. Mifupa mitupu imeshika fyekeo. Shetani mwenye pembe. Mnara unabomoka. Mwanamke anamshika simba mdomo. Hazikuwa na kikombe wala rungu, zilikuwa picha tu. Ziko ishirini na mbili. Ukiongeza na wapanda farasi wanne ambao hakuwaelewa kazi yao, jumla ishirini na sita zimezidi.

Akapata jibu. Maskini Bruda, uzee. Amechanganya pakiti mbili, na hizi ni garasa za pakiti nyingine iliyokufa zamani. Akaona amfanyie hisani mzee wa watu, akirudi aikute pakiti safi ya hamsini na mbili. Na hizo ishirini na sita zisilale bure wakati pakiti zake zinapiga miayo ya mapengo. Akachukua kalamu ya wino. Nyuma ya yule mwenye kuning'inia akaandika pembeni, "7 ya shupaza, pakiti 4." Mifupa ikawa mbili ya pau. Shetani akawa tatu ya uru. Mwanamke na simba akawa nne ya kopa, pakiti 9. Alishika na mkasi azipunguze urefu zilingane na nyingine, lakini mkono ukasita, akauweka mkasi chini. Baadaye alimshukuru Mungu mara nyingi kwa dakika hiyo.

Zikatawanyika. Kwa kuwa zilikuwa ndefu, zilichomoza mkononi mwa mchezaji kila mtu akaziona. Watu walilalamika wiki mbili, halafu wakazizoea, halafu wakazipenda. Kule Mlandege waliweka sheria kwamba atakayegawiwa mifupa ndiye anayekwenda kupika chai.

Ikapita miezi kumi na minne. Jumapili moja akaja Tadeo, Mhehe aliyekuwa fundi msaidizi wa Bruda pale useremalani, mtu wa maneno mengi.

"Kamwene, fundi! Bruda anarudi. Jumamosi ijayo."

"Alhamdulillahi. Amana yake iko salama."

"Zote sabini na nane?"

Cherehani ikanyamaza. "Hamsini na mbili," alisema Halfani taratibu.

"Sabini na nane, bwana. Mimi nimecheza nao miaka sita, wale mabruda wawili waliohamishwa, yeye na mimi. Bila zile za picha mchezo hakuna." Tadeo akamtazama vizuri. "Halfani. Umezitupa?"

"Sijazitupa! Hazijapotea hata moja. Zimeazimwa."

"Umeazimisha amana?"

Neno hilo likamkaa kifuani. Halfani alikuwa mtu wa kupunja kitambaa, hilo tumeshasema. Lakini amana alikuwa hajawahi kuigusa tangu azaliwe, na baba yake kabla yake vilevile. Akafunga cherehani, akalibana daftari kwapani, akatoka.

Na hapo ndipo mji uliokuwa unalicheka daftari lile ulipolinyamazia. Kila kitu kilikuwemo. Jumapili hiyo hiyo alipata kumi na moja, nyumba kwa nyumba. Mlandege walimrudishia mifupa kwa masikitiko.

"Sasa chai atapika nani?" walimuuliza.

Shetani hakuwa ndani ya pakiti yake. Mke wa kinyozi alikuwa amempigilia kwenye banda la kuku.

"Mwache hapo, fundi, nakuomba. Tangu akae hapo kicheche hajarudi."

"Mama, huyu ni amana."

"Shetani amana? Ama kweli dunia imekwisha." Lakini akamng'oa, akampangusa manyoya, akampa.

Karata iliyokuwa kijijini Idodi ilikuja na lori la mahindi, imefungwa kwenye jani la mgomba. Isihaka, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, alituma tatu kwa mkono wa dereva, na ujumbe kwamba kama ni kwa ajili ya mzee wa misheni hana neno, lakini kama ni Halfani kataka kuwabania watu, ajue wamekasirika. Kufika Jumanne usiku karata ishirini na tano zilikuwa mezani.

Ikabaki moja. Pakiti 9.

"Pakiti tisa iko kwa nani?" aliuliza Tadeo, na huku anasoma mwenyewe juu ya bega la Halfani. "Mwanakhamisi binti Makame, Mbeya, Majengo. Imekaguliwa Januari. Imekaguliwa Aprili. Imekaguliwa Julai. Imekaguliwa..." Akafunua kurasa nyingine. "Hizi kumi na tatu mbona hazijakaguliwa hata mara moja? Na ya Mlandege ni hapo tu, unafika kwa miguu."

"Ya Mbeya iko mbali. Inahitaji uangalizi."

"Inahitaji, inahitaji," alisema Tadeo. "Vaa ile kanzu mpya basi."

Jumatano Halfani akapanda basi la relwe, lile la shirika la reli. Alikula vumbi toka asubuhi, na lilipopita Uyole kiza kilikuwa kimeingia na ile kanzu mpya ilikuwa rangi ya barabara. Asubuhi ya Alhamisi alimkuta Mwanakhamisi kibarazani kwake, anaepua maandazi. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mkono mwepesi wa karata kuliko madereva wote wa Majengo, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono.

"Karibu, mkaguzi! Mbona leo kabla ya tarehe? Karata zimekutuma?"

"Bi Mwanakhamisi, nimekuja kuchukua ile nne ya kopa."

"Simba wangu?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Simba wangu hatoki, Bwana Halfani. Watu wote hapa Majengo wananijua kwa huyo. Kaa kwanza. Cheza. Ukinifunga mkono mmoja tu, mchukue."

Halfani akacheza. Akafungwa sita mfululizo. Mara ya nne alikuwa na turufu tatu mkononi, na bado akafungwa, mpaka jirani aliyekuja kununua maandazi akageuza uso kwa huruma.

"Nikwambie kitu?" alisema Mwanakhamisi huku anachanganya. "Wewe karata unazijua moja moja kwa majina. Zenyewe ndiyo hazikujui."

"Bi Mwanakhamisi." Halfani alilaza karata zake kifudifudi. "Ile si yangu. Ni amana ya mtu. Aliniachia mkononi, nikaigawa kwa ujinga wangu nikidhani zimezidi. Jumamosi anakuja. Nimekusanya zote, imebaki hiyo."

Mikono ya Mwanakhamisi ikasimama. Utani ukamtoka usoni. Akaingia ndani, akatoka na karata imefungwa kwenye leso. Halfani akanyoosha mkono.

"Hapana," alisema Mwanakhamisi. "Mtu aliyegawa amana mara moja simpi tena. Nitaipeleka mwenyewe. Bibie, dada yangu, yuko Kitanzini, huko huko kwenu Iringa, ana mwaka ananiita nimtembelee. Kesho basi saa ngapi?"

Ndivyo walivyorudi, yeye kiti cha mbele na leso mapajani, Halfani kiti cha nyuma yake na kikapu cha maandazi. Hakuthubutu kula hata moja bila kukaribishwa. Kufika Makambako akakaribishwa.

Usiku ule Halfani alijaribu kufuta wino kwenye karata kwa mkate mkavu. Ukafifia kidogo, ukatapakaa sana. Akaacha.

Jumamosi Bruda Msumari alikuja kwa miguu na bakora, amekonda, lakini anaongea vilevile kana kwamba misumari bado imo mdomoni. Tadeo alimletea stuli. Mwanakhamisi akafungua leso, akaweka simba juu ya nyingine, akakaa pembeni na dada yake. Bruda akahesabu juu ya meza ya cherehani, moja moja. Halfani midomo ilikuwa inahesabu naye. Sabini na sita. Sabini na saba. Sabini na nane.

"Bravo," alisema Bruda. Kisha akaigeuza moja, akaisogeza karibu na macho. "Mbili ya pau, pakiti kumi na moja. Hii nini?"

Halfani angeweza kusema ni watoto walioandika. Tadeo alishamshauri aseme watoto. Lakini akalisukuma daftari mbele ya mzee, akasimulia yote, tangu kuhesabu mpaka banda la kuku. Bruda alisoma daftari kimya, kidole kinapita kwenye majina. Mlandege. Idodi. Rujewa. Mbeya.

"Baba yangu," alisema mwishowe, "alicheza karata hizi miaka arobaini, na watu watatu tu. Watatu hao hao. Wewe umezichezesha mpaka Mbeya." Akaupitisha ukucha juu ya wino. "Baba angekupiga. Halafu angecheka."

"Nisamehe, Bruda. Nilidhani ni garasa."

"Garasa?" Mzee alimtazama Tadeo, Tadeo akatazama chini mabega yanamtikisika. "Halfani, hizi ishirini na mbili za picha ni turufu. Zote! Kila moja inakula zile nyingine."

Mwanakhamisi akaangua kicheko mpaka Bibie akamshika asianguke.

"Turufu ishirini na mbili!" alisema akifuta machozi. "Kashika turufu ishirini na mbili mkononi, akazigawa kama mbili za pau! Mungu wangu, huyu mtu asiachwe peke yake."

Bruda alisema adhabu ipo. Wale mabruda wawili walishahamishwa, mchezo unataka wanne, na yeye na Tadeo ni wawili. Halfani atakaa kiti cha tatu. Akamtazama Mwanakhamisi. Mwanakhamisi alishavuta stuli.

Halfani alifungwa siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na Mwanakhamisi bado yuko kwa dada yake. Watu walipolalamikia mapengo yao alikata tena maboksi ya sabuni, lakini walimrudishia. Hawataki maandishi, wanataka picha kama za mwanzo. Akalazimika kuchora. Simba wake alitoka kama mbwa anayenyweshwa dawa, na hiyo ndiyo nne ya kopa ya pakiti 9 mpaka leo.

Mwenye pakiti hakulalamika. Nimeliona daftari mwenyewe. Kwenye ukurasa ule, mahali palipoandikwa Mbeya, Majengo, pamepigwa mstari, juu yake kwa mwandiko mwingine, wa kike, pameandikwa: "Hapa hapa nyumbani. Inakaguliwa kila siku."