Fundi Koki na Bomba Asilolijua

Fundi Koki alikuwa ameona mengi katika maisha yake ya mabomba: nyumba iliyofurika hadi magodoro yakaelea, chura mzima akichungulia kwenye sinki la jikoni, tajiri akilia kwa sababu choo chake kipya kilimrudishia kila alichokipa. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Lakini asubuhi ile mkewe alipomwita kutoka chini ya ngazi, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, alishtuka kabla hajajua sababu.

"Baba watoto, njoo uone. Au basi, usije. Kaa hapohapo."

Mkojo wake uliokuwa ndani ya dumu la uani ulikuwa mwekundu kama maji yaliyooshewa tofali.

Miezi kadhaa nyuma tezi dume ilikuwa imevimba ikamfungia njia ya mkojo, na hospitalini wakamwekea mpira wa mkojo, ule wenye kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke. Akapewa dawa na ahadi. "Kibofu kikipumzika vizuri," alisema daktari, "tutautoa tuone kama utakojoa mwenyewe." Ahadi hiyo ndiyo iliyomlaza na kumwamsha. Huwezi kujipenyeza chini ya sinki la watu na mfuko wa mkojo umefungwa pajani. Hata kwa rafiki zake alikuwa ameacha kwenda, maana kila akikaa, suruali ilimsema.

Shida ni kwamba fundi haridhiki na kazi ya fundi mwingine. Mfuko wa hospitali aliutazama siku ya kwanza akasonya.

"Nani kafunga kitu hiki? Maji yanateremka kwa kubembelezwa."

Chumba chao kilikuwa ghorofani. Akaukata mrija wa mfuko, akaunga mpira mwembamba wa plastiki, akaupitisha dirishani ukashuka hadi kwenye dumu uani. Maji hufuata mteremko. Mteremko ukiwa mrefu, mvuto huwa mkubwa. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Kiti chake akakisogeza dirishani, na kila mgeni alionyeshwa kazi ile kabla hajakaribishwa maji ya kunywa.

"Hongera, shemeji," alisema mdogo wa mkewe. "Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayekojoa juu akasikika chini."

"Cheka. Siku yako ikifika utaniita nikufungie."

Kuna nyakati alihisi kitu kikimfinya ndani, kisha mkojo ukasimama. Akiunyanyua mpira kidogo, unafunguka. Hewa hiyo, alijiambia. Bomba lolote refu hushika hewa.

Kliniki walipokelewa na muuguzi wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Koki alieleza habari za damu tu. Mkewe ndiye aliyemalizia.

"Mwambie na habari za dirishani."

"Dirishani kuna nini, mama?" akauliza muuguzi.

Akaambiwa. Akaivaa miwani, akamtazama mgonjwa wake kuanzia kichwani hadi miguuni.

Daktari akautoa mpira, akaingiza kamera nyembamba hadi kibofuni. Kwenye kioo cha mashine Koki akauona undani wake mwenyewe, wa waridi na wa kung'aa kama upande wa ndani wa shavu. Kisha kamera ikageuka, na pale ncha ya mpira ilipokuwa ikigusa pakaonekana vivimbe viwili vyekundu, vinavuja damu, kama mahali palipofinywa kwa kucha kila siku.

"Leo hatutajaribu kukuacha ukojoe mwenyewe," daktari akasema. "Ukuta umeumia. Tusubiri."

"Kauumiza nani?"

Daktari alitikisa kichwa. Alimgeukia muuguzi, na muuguzi akachukua glovu nyembamba, akaijaza maji, akaifunga kwa uzi kuuzunguka mpira kama ule wa Koki, ncha ikiwa ndani. Pembeni ya ncha, juu ya kiputo, palikuwa na matundu mawili makubwa.

"Tazama, baba. Hiki ndicho kibofu."

Akaushusha mwisho wa mpira usawa wa kitanda. Maji yakatoka taratibu, glovu ikasinyaa, ikalala juu ya ncha. Akaushusha hadi sakafuni. Glovu ikavutwa, mkunjo wake ukaingia ndani ya tundu kama ulimi, na maji yakakatika.

"Na hapa ni sakafuni tu. Sijafika uani kwako."

Akaufungia glovu nyingine mpira wa aina tofauti, wenye ncha fupi na vitundu vidogo vingi vilivyotawanyika pande zote. Safari hii glovu ilivigusa vitundu bila kumezwa. Aliposhusha zaidi, ikabaki na alama za nukta nukta.

"Huu una nafuu, mvuto unagawanyika. Lakini mpira wa kumshinda mtu anayekojolea uani kutoka ghorofani bado haujatengenezwa."

Mkewe alicheka. Koki hakucheka. Alikuwa amekumbuka tangi la plastiki juu ya paa la shule, lililojikunja mchana kweupe kama kikombe cha karatasi, kwa sababu mwanafunzi wake wa ufundi alikuwa ameliziba tundu la hewa. Siku hiyo alimgombeza mbele ya watu: maji yakitoka, lazima kitu kiingie, la sivyo ukuta utakuja wenyewe. Jambo hilo alilijua kuliko jina lake.

"Kibofu hakina tundu la hewa," akasema polepole.

"Hakina, baba. Na si tangi. Ni nyama."

"Nami nilikuwa nainyonya."

Alikaa mikono magotini, akiitazama glovu iliyomezwa na tundu, hadi mkewe akamshika bega kumwambia daktari anasubiri.

Wakamwekea mpira wenye vitundu vidogo na mfuko wa kuning'iniza chini kidogo ya kibofu, basi. Damu ikapauka, ikaisha. Siku ya ahadi ilipofika mpira ukatolewa, akanyweshwa maji, akajifungia chooni. Mkewe akasimama mlangoni.

"Vipi?"

"Ngoja."

"Nimengoja."

"Mama watoto, hauji ukiusikiliza."

Mkojo ukaja, mwembamba, ukakatika, ukaja tena. Akatoka akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kipimo kikasema kingine: mkojo uliobaki ulikuwa mwingi kuliko uliotoka. Kibofu kilikuwa bado hakijapata nguvu ya kusukuma.

"Basi unirudishie ule wa kiputo," akasema, tabasamu limekwisha.

"Kuna njia nyingine," akasema muuguzi. "Mpira mwembamba usio na kiputo. Unauingiza mwenyewe asubuhi na jioni, ukimaliza unautoa. Mchana unatembea bila mfuko."

"Mwenyewe? Kwa mkono wangu?"

Aliwekewa aina mbili mezani, mmoja wenye matundu mawili, mwingine wa vitundu vingi. Koki akainua kila mmoja kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya matundu, taratibu, kama anayepapasa jicho la mtoto. Akachagua wa vitundu vingi. Kisha akautazama mkono wake. Mkono uliowahi kufunga bomba gizani, maji yakimfika kifuani, ukaurudisha mpira mezani.

"Utaweza?" mkewe akauliza.

"Sijui. Bomba hili silijui."

"Basi usijifanye unalijua," mkewe akamwambia, akavuta pazia. "Sista, mwelekeze."