Erika ya Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Roswitha Pichlbauer anamaliza kukwangua theluji mbele ya nyumba anayoitunza mtaa wa Hernals, mjini Vienna. Anamwaga chumvi, anaegemeza koleo ukutani, anapuliza vidole. Kisha anabeba ndoo hadi uani na kuchota theluji nyingine, ile iliyolala juu ya paa la kibanda cha baiskeli.

"Ya barabarani ina chumvi na mikojo ya mbwa," anasema. "Hii ndiyo wanayokunywa watoto wangu."

Watoto wenyewe ni erika kumi, kila mmoja na chungu chake, kwenye madirisha ya wapangaji wazee. Ni vichaka vya kimo cha kiganja, vyenye majani membamba kama sindano na vikengele vya waridi vinavyofunguka Januari, wakati kila kitu kingine kimejifia. Ndugu zao wa Kilimanjaro hurefuka kama miti. Hawa wa hapa ni wafupi, lakini wana roho ngumu ajabu.

Roswitha ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia katika nyumba hii. Anapiga deki ngazi, anabadilisha balbu, anagombana na wanaotupa chupa kwenye pipa la karatasi. Analipwa euro 1,280 kwa mwezi, pamoja na chumba na jiko kando ya lango. Kazi ya maua haimo kwenye mkataba.

"Ingekuwemo ningeshaichukia," anasema, na kucheka.

Sharti lake la kwanza ni kwamba erika haiingizwi chumbani. Madirisha ya nyumba hii ya zamani yana vioo viwili, cha nje na cha ndani, na katikati pana nafasi ya shubiri moja. Hapo ndipo vyungu hukaa, kwenye mwanga na baridi, upepo ukipita mbali. Theluji ikishayeyuka ndooni, Roswitha husubiri adhuhuri udongo ulegee, huuchoma kwa kidole, ndipo hunywesha. Wauza maua wanasema hata maji ya bomba yangefaa. Roswitha hawasikilizi.

"Watu wanadhani baridi inawaua. Ni kiu! Udongo ukiganda, maji yapo lakini hayanyweki. Na vimizizi vyenyewe ni kama nywele za mtoto, vikikauka mara moja basi tena."

Lakini kinachomshangaza zaidi ni vitumba. Maua ya Januari hujifunga tangu Agosti, watu wakiwa bado wamevaa kaptula, na hukaa hivyo miezi mitano bila haraka.

"Agosti!" anasema, akisimama katikati ya ngazi na ndoo yake. "Sisi tunalalamika jua kali, yeye ameshaandaa maua ya theluji. Nikifikiria hapo nasisimka mpaka leo."

Aliyemfundisha yote haya ni Bi Leopoldine Wurz wa ghorofa ya tatu, mshonaji wa glavu mstaafu, mwenye miaka themanini na minane. Novemba iliyopita Bi Wurz alianguka jikoni akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji alipelekwa kwenye kituo cha mazoezi ya kutembea tena, nje ya mji. Siku ile ya kuanguka, alipobebwa kushushwa ngazi zote hamsini na sita, kwa kuwa nyumba haina lifti, aliwasimamisha wabebaji mbele ya lango.

"Roswitha, mtunze erika wangu. Akitoa maua, nitarudi. Akifa, nitajua basi."

"Bibi, acha kunitisha."

"Sikutishi. Nakupa kazi."

Mpwa wake, Gernot, alikuwa ameshachukua fomu za nyumba ya wazee. Si mtu mbaya Gernot. Kila mtu katika jengo anasema hivyo, na labda hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Krismasi Roswitha alikwenda kwa dada yake kijijini kwa siku nane. Gernot akaja kukagua mabomba ya shangazi yake, akaiona erika katikati ya vioo, kioo cha nje kimeganda barafu. Ikamwingia huruma. Akaitoa, akaiweka juu ya kipasha joto, akaenda zake na moyo mweupe.

"Nilipofungua mlango nikaona dirisha tupu," Roswitha anasimulia. "Chungu kilikuwa juu ya joto, udongo mkavu kama unga."

Alikizamisha chungu ndooni mpaka mapovu yakaisha. Alikirudisha kwenye baridi. Baada ya siku tatu akakwangua vishina kwa ukucha, kimoja baada ya kingine, akitafuta kijani. Vyote vilikuwa vya kahawia.

Ajabu ya erika ni kwamba ikifa haionekani kama imekufa. Vikengele hubaki na waridi yake wiki nyingi. Gernot alipoitwa, aliitazama asielewe.

"Mbona bado anapendeza?"

"Amekufa, Gernot. Hata maiti akipambwa hupendeza."

"Basi mpelekee hivyo hivyo. Macho ya shangazi siku hizi ni ya kubahatisha. Atafurahi, yaishe."

Roswitha anakiri kwamba alitamani kufanya hivyo. Alilala na wazo hilo usiku mbili. Asubuhi ya tatu, akifuta vumbi katikati ya vile vioo, mkono wake ukagusa kopo la haradali nyuma ya fremu, pale matone ya kioo yanapodondokea. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha urefu wa kidole, na pini ya nywele imechomekwa udongoni.

Alijua mara moja ni nini: mtoto wa ile erika iliyokufa. Bi Wurz huinamisha tawi la chini, hulibana udongoni kwa pini mpaka liote mizizi yake, kisha hulikata na kulipandikiza. Kopo hilo Gernot alikuwa ameliona.

"Lile?" alisema. "Nilidhani takataka."

Nje siku hiyo ilikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri. Kijiti kilikuwa na vikengele sita, na vyote vimefunguka.

"Nilikaa sakafuni," anasema Roswitha. "Sikulia." Anafikiri kidogo. "Haya, nililia."

Jumapili ya mwisho ya Januari alipanda treni kwenda kwa Bi Wurz, na donati nne za jemu ya aprikoti, chungu kwenye kikapu, na kopo limefungwa gazeti. Alitangulia kutoa chungu. Bi Wurz alipitisha kidole juu ya maua. Yakachakarika kama karatasi, yakamwagika mapajani.

"Huyu amekufa."

"Ndiyo, Bibi."

"Lini?"

"Krismasi."

"Gernot?"

"Alimhurumia."

Bi Wurz akaanza kuokota vikengele kimoja kimoja kwenye blanketi.

"Na mimi anataka kunihurumia vivyo hivyo," akasema. "Chumba cha joto, supu kitandani."

Roswitha akafungua gazeti. Bi Wurz alikileta kile kijiti karibu na pua yake.

"Kilikuwa kwenye baridi yote hii?"

"Yote."

"Mpumbavu we," akakiambia, kwa upole ambao Roswitha hakuwahi kuusikia kinywani mwake miaka ishirini na sita. "Mpumbavu mdogo we. Roswitha, fungua dirisha! Humu kitapata joto."

"Mnataka kutuua?" akafoka mama wa kitanda cha pili.

"Vaa soksi!" akajibu Bi Wurz.

Kopo limerudi mahali pake, ghorofa ya tatu. Kule kituoni Bi Wurz anapanda ngazi za mazoezi kila siku. Wiki iliyopita alifika thelathini na nane kabla ya kuketi. Daktari ataamua mwezi Machi, na fomu za Gernot bado hazijajazwa.

Roswitha ana mpango wake. Aprili atapunguza vichwa vya erika zilizomaliza kuchanua. Kiangazi, Bi Wurz akiwa juu kwake anasimamia na kufoka, watabana matawi, waoteshe erika kwa kila mlango wa nyumba. Ya kwanza itakuwa ya Gernot.

"Nitamwandikia kwenye chungu: Usinihurumie."

Mezani kwake, kando ya funguo za jengo, pana pakiti mbili mpya za pini za nywele. Roswitha mwenyewe amekata nywele fupi, hazishiki hata kitana.