Jioni Ardis Alipoizima Tambarare

Ardis Tveit hakuomba kazi ya televisheni. Kituo chetu kilipofunguliwa juu ya kilima cha Torvik, Dakota ya Kaskazini, ndani ya jengo lililokuwa ghala la viazi, yeye aliajiriwa kupokea simu na kupika kahawa. Wiki ya kwanza msomaji wa habari akashikwa na kwikwi hewani, ikagoma kukoma, na mwenye kituo, mzee Klemp, akamsukuma Ardis kitini na aproni yake kiunoni. Akasoma bei za ng'ombe kama anayempa habari jirani. Kiti kile kikawa chake kwa miaka kumi na miwili.

Mimi nilikuwa mshika kamera, fundi na mfagiaji. Kamera yenyewe ilikuwa moja, na ilipougua watazamaji walitazama ukuta.

Mtandao mkubwa wa televisheni wa New York ulitupa michezo, nyimbo na habari za dunia, na katikati tukapenyeza vyetu: nani kafariki, nani kajifungua, ng'ombe wa nani kaonekana barabarani, kanisa gani linauza lefse, zile chapati zetu za viazi. Ardis alivisoma vyote kwa sauti ileile. Mumewe alipofariki, tangazo la msiba alilisoma mwenyewe: jina la marehemu, saa ya ibada, kisha bei ya ngano. Nilikuwa nyuma ya kamera, na nawaapia, kilichoyumba ni picha yangu, si sauti yake. Tangu hapo aliishi peke yake, kwani hawakujaliwa mtoto.

Sasa watu wetu hawajui kusifu. Mtu atakula, ashibe, alambe sahani, halafu aseme "si mbaya," na hapo ndipo amekusifu mpaka amechoka. Dukani, kanisani, hakuna aliyewahi kumwambia Ardis kwamba alimwona.

"Delmar," aliniuliza siku moja tukizima mitambo, "hivi kuna mtu huko, au naongea na kioo?"

"Wapo."

"Umejuaje?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Desemba ya mwaka wa kumi na mbili akaja mtu wa mtandao, Bwana Whitcomb, kijana mpole mwenye viatu visivyojua theluji. Alituketisha ofisini, mzee Klemp, Ardis na mimi, akasema mkataba unakwisha na wakubwa zake hawaoni sababu ya kuutia saini tena. Bila mtandao, kituo kingefungwa. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Tumewapigia simu watu wa huku," alisema. "Tumewauliza kama wanatazama televisheni mchana. Karibu wote wamekana. Na jioni wanasema wanakamua ng'ombe."

Mzee Klemp akawa mweupe kama maziwa hayohayo. Ardis akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Wote wanakamua? Basi maziwa yangetufika shingoni! Mwanangu, mliwauliza watu hawa kama wanakaa kitako mchana?"

"Kwa namna fulani, ndiyo, mama."

"Lo! Huku hata mchungaji akikuuliza hilo, unakana. Mtu akiri uvivu kwa mgeni, tena kwenye simu, na laini yenyewe ni moja kwa nyumba sita? Majirani wote wametega masikio!"

"Nakuelewa, mama. Lakini nikirudi New York nitawaonyesha nini? Nina majibu yao tu."

Ardis akachukua kitambaa, akafuta kahawa polepole kuliko ilivyohitajika.

"Baki mpaka taarifa ya jioni," alisema. "Usimame nje. Vaa koti la Delmar, hilo lako ni la harusi."

Alipotuambia anachotaka kufanya, mzee Klemp alishika kichwa. "Ardis, na kisipotokea kitu?"

"Basi tutakuwa tumejua sote, nami nitakwenda nyumbani."

Alisema kwa mzaha, lakini niliona kidole kikizungusha pete. Kituo nilikipenda, ila jioni ile nilimwogopea yeye.

Giza lilipoingia niliielekeza kamera usoni pake, nikaifunga pale, nikatoka na Whitcomb. Kipaza sauti cha mlangoni kilitufikishia maneno. Chini yetu tambarare ilijaa taa, kila shamba na taa yake ya uani juu ya mlingoti, mpaka huko ambako ardhi inakwisha. Taa hizo hazizimwi. Baba yangu hakuwahi kuizima yake tangu umeme ulipofika, maana aliyekulia gizani harudi gizani kwa hiari.

"Majirani," tulimsikia Ardis, "hapa kilimani kuna mgeni anayedhani hampo. Sitaki simu wala barua, nawajua mlivyo. Zimeni taa ya uani. Msiwashe mpaka niwaambie."

Hakuna kilichobadilika. Whitcomb akakohoa.

"Wanavaa buti," nilisema.

Kisha taa ya kina Hagen, chini kabisa ya kilima, ikatoweka. Zikafuata mbili za mtoni. Kisha sikuweza tena kuzifuata, zilizimika kama mtu anafuta ubao, shamba kwa shamba, mpaka sehemu ambazo sikujua kama mawimbi yetu yanafika. Nyota zikashuka hadi usawa wa ardhi. Mungu wangu! Nilijikuta nimevua kofia katika baridi ile, na Whitcomb naye amevua yake.

Nikakimbia ndani, nikaweka filamu ya matangazo, nikamvuta Ardis nje na gauni lake jepesi. Alisimama, kiganja mdomoni.

"Ile moja inayowaka bado, pale karibu na barabara," Whitcomb alinong'ona. "Yule hatazami."

"Ile ni kwangu," alisema Ardis. "Hakuna mtu nyumbani."

Whitcomb aliinamisha kichwa. "Mama, mkataba utatiwa saini. Nitasimama mbele yao mimi mwenyewe."

Sidhani kama Ardis alimsikia. "Wananisubiri," alisema. Na kweli, nchi nzima ilikuwa imekaa gizani ikingoja neno lake, wala hakuna hata mmoja aliyemtangulia kuwasha.

Akarudi ndani akijifuta uso. Sauti ilipotoka kwenye kipaza ilikuwa ikikwaruza.

"Nimewaona," alisema. Kwa mara ya kwanza hewani, maneno yakamwishia. "Haya, washeni, msije mkagongana na ng'ombe."

Zikawaka, za karibu kwanza, kisha za mbali, mpaka mwisho wa macho. Niliitafuta ile ya Ardis karibu na barabara nimwonyeshe Whitcomb tena. Sikuweza kuitambua kati ya zao.