Kijiji Kilicholikwepa Gari la Daktari

Mwezi uliopita nilifuatana na mganga mkuu wa wilaya hadi kijiji kimoja huko Ndalambo, kulikoingia kipindupindu. Uji ulikuwa ukichemka mekoni, lakini watu hawakuonekana. Bibi mmoja tu alikaa mlangoni, amejifunika kanga usoni.

"Shikamoo, bibi. Watu wako wapi?" daktari aliuliza.

"Marahaba. Wamejificha. Gari lenu likija, tunazika."

"Linakuja kwa sababu watu wanaumwa, bibi."

"Sisi tunaona linatangulia ugonjwa."

Daktari hakubishana. Alimwambia dereva alirudishe gari barabara kuu. Mlio ulipopotea, milango ikafunguka mmoja mmoja, na mama mmoja akamleta mtoto aliyelegea. Tulimwahi, akapona.

Mimi siamini mambo hayo. Ila juzi gari lile lilipita hapa kwetu Mlowo, nikajikuta nimegeuza uso.