Miguu Mitatu na Moshi wa Maitu

Enzi zetu pale Landless, Thika, kila mtoto mwenye akili zake alijua jambo moja: ukipigwa picha chini ya taa za Krismasi halafu utikisike, roho yako inamwagika chini, katikati ya miguu mitatu ya kamera, na Krismasi ijayo itakupata udongoni. Nililiamini hilo kuliko nilivyoamini hesabu za kujumlisha. Aliyenieleza ni ndugu yangu mkubwa, Kimani, na Kimani alikuwa darasa la tano, yaani profesa.

Mnaozikumbuka Krismasi zile mnajua zilivyokuwa. Nguo za familia nzima zilikatwa kutoka jora moja, mkitembea pamoja mnafanana na seti ya makochi. Viatu vilinunuliwa vikubwa ili vikungoje ukue. Vyangu vilifika kwenye kona kabla yangu. Chapati tulikula mpaka kuinama ikawa shida, na pua yangu mimi, mwaka mzima, ilikuwa mfereji usiofungika. Giza likianza kuingia, mtaa mzima ulimiminika kwenye duka moja ambalo mwenyewe alizungushia mti wa saiprasi taa za rangi, na pamba ya hospitali juu yake ndiyo theluji.

Hapo ndipo aliposimama mpiga picha wetu, mzee Gitau, na tripodi yake ya mbao, ile miguu mitatu ya kamera, mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alitupanga: baba yetu, Kimani, mimi, na pembeni yangu Maitu, mama yetu.

"Mtulie kabisa!" Gitau alitangaza. "Gizani hii kamera inakunywa mwanga polepole, kama mtu na uji moto. Asisonge mtu!"

Nilifumba macho, nikabana pumzi. Nadhani mpaka moyo niliusimamisha.

Picha ilipoletwa, taa ziling'aa, mlango wa duka ulionekana hadi kitasa, baba na Kimani walikuwa wima kama nguzo za stima. Lakini Maitu, kuanzia kiunoni kwenda juu, alikuwa moshi. Taa zilipita katikati ya kichwa chake.

Kimani aliitazama picha, akanitazama, akasema kwa sauti ya mazishi: "Yake imemwagika."

Ngai! Mwaka ule sikuishi. Nilimfuata Maitu sokoni, kisimani, chooni mpaka mlangoni. Akikohoa kidogo tu, mimi ndiye huyo na maji ya moto. Nilirudi pale dukani nikachota udongo wa mahali miguu ya tripodi ilisimama, nikautia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikauficha chini ya kitanda ili roho yake isipeperuke. Maitu aliupata akifagia. Akaamua kwamba nimeanza kula udongo, akaninywesha dawa ya minyoo chungu kuliko dhambi, lakini mkebe nilimlilia hadi akaniachia. Krismasi ilipofika akiwa mzima, anakanda unga na kutugombeza, nilijua ni ule mkebe uliofanya kazi.

Ukubwani, hasa baada ya kusoma fizikia kwenye masomo yangu ya jioni, niliachana na habari za roho nikahamishia kesi yote kwa ule mguu wa Gitau wenye mpira. Iliniuma kwamba katika picha ile ya Krismasi Maitu hakuwa na uso. Siku hizi kijana anajipiga picha mia akingoja chipsi ziive, na kufikia jioni amezifuta zote. Sisi tulipata moja kwa mwaka, tena tuliivalia viatu.

Kwa hivyo Desemba hii iliyopita niliamua kumlipa Maitu uso wake. Nilitoka kwangu Mwiki, nikazunguka maduka yote ya Thika mjini mpaka soli zikaomba likizo. Kuchagua tripodi ni kama kuchagua mkwe: usidanganywe na urefu. Nilinyoosha miguu yote, nikaibonyeza kutoka juu. Zingine zilitetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

"Boss, hii ni nyepesi, utabeba na kidole," muuzaji aliniambia.

"Na upepo nao utabeba na nini?" nikamjibu.

Nilichukua moja yenye miguu minene, kufuli zinazouma sawasawa, soli za mpira, na ndoano katikati ya kutundika mzigo. Ile ya kusimama hata ng'ombe akijikuna nayo.

Maitu sasa anakaa Ngoingwa. Nilimpambia baraza kwa taa, nikangoja ile saa anga bado ina ubuluu kidogo. Nikasimamisha tripodi, nikatundika kilo mbili za viazi kwenye ndoano, nikaweka kamera ijipige yenyewe, nikakimbia kusimama kando yake.

"Maitu, nakuomba, usitikisike."

"Sawa, Baba," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la babake.

Kamera ililia. Nikakimbia kuangalia. Taa, safi. Mlango, safi. Maitu, moshi!

"Hii tripodi inarudi dukani kesho!" nilipiga kelele. "Ni ule mguu wa Gitau tena!"

Maitu aliingia ndani, akatoka na ile picha ya Landless, akaiweka kando ya kamera. Aliziangalia zote mbili, taratibu, kama anayechagua mchele.

"Wacha tripodi ya watu. Ingetikisika, hata mlango ungekuwa moshi. Ni mimi nilisonga. Leo kola yako ilikuwa imekunjika. Na siku ile ulikuwa na makamasi."