Nafasi ya Abiria

Gilbert aliendesha bodaboda mjini Maua miaka minane kabla ya kuhamia Fridley, ng'ambo, kuuguza wazee. Siku zake za off huwasha pikipiki yenye tairi za misumari, na kuzunguka juu ya ziwa lililoganda karibu na Anoka. Waendeshaji wenzake Wazungu humfokea: anakaa mbele mno, juu ya tangi, gurudumu la nyuma linakosa uzito, linateleza ovyo. Hujaribu kurudi nyuma, lakini makalio hayasikii. Yamezoea kumwachia abiria nafasi.

Jumamosi ile alianguka mara tatu. Mkewe Nkirote, aliyekuwa garini na chai yake, alishuka akinung'unika, akapanda nyuma.

"Twende, Baba Makena. Pole pole, kama siku ile ulinitoa sokoni."

Pikipiki ikashika barafu, ikanyooka. Nafasi ilikuwa imempata mwenyewe.