Mkate wa Nguruwe wa Isdori

Isdori hakuwahi kuumwa sukari. Tuanze na hilo, maana mtaani kwake Sumbawanga mpaka leo wapo watakaokuapia kwa jina la mama zao kwamba aliumwa, akaumwa sana, na kwamba kilichomponya ni mlenda.

Alikuwa mtu wa duka. Ile miaka ya shida, wakati kipande cha sabuni kilipangiwa foleni tangu alfajiri, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la ushirika akiwa amevaa koti la kaki, na neno lake kubwa lilikuwa moja tu: "Hakuna." Sukari? Hakuna. Mafuta ya taa? Hakuna. Watu waliondoka wakinong'ona kwamba kipo, amekificha. Siku nyingine kilikuwepo kweli, siku nyingine hata panya wa stoo walikuwa wameshahama, lakini "hakuna" ya Isdori ilikuwa ileile, na haikuwahi kuaminiwa hata siku moja. Akipita mtaani alisalimiwa kwa heshima ambayo hata padri hakuipata, kwa sababu padri hakuwa na sukari.

Ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Vijana wakateremka Tunduma mpakani wakarudi na sabuni za rangi ambazo hatukujua kwamba sabuni inaweza kuwa nazo. Flavian, aliyekuwa akisukuma mkokoteni mbele ya duka la ushirika, alifungua kiduka chake ng'ambo ya barabara, kikawa duka, duka likazaa lori, lori likazaa kiwanda cha mikate. Duka la ushirika lenyewe lilifungwa kufuli. Isdori aliambiwa aende nyumbani akasubiri kuitwa, na mpaka sasa hajaitwa.

Hapo ndipo yeye na mkewe Emerensiana walipoanza kula vizuri kuliko walivyowahi kula maishani, ingawa wenyewe waliona wanakufa. Hela ya sembe hakuna, ya mchele hakuna, mafuta ya kupikia waliyasikia harufu kwa majirani. Walikula ugali wa ulezi kutoka kishamba chao mlimani, mboga ya majani ya maharage, mlenda, na uyoga mvua zikikubali. Kwa Minza, mama wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia na ng'ombe zao, walinunua maziwa mgando na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Uji waliunywa bila sukari. Kitambi cha Isdori kikayeyuka, magoti yakaacha kuuma, akawa anapanda mlima kukata kuni na kurudi bila kuhema. Mwili ulikuwa mzima kabisa. Kilichomtafuna ni aibu.

Aibu ilimtafuna kwa sababu ya mlango. Kwetu mtu hali chakula amefunga mlango. Anayefunga ama ni mchoyo ama ana jambo lake la usiku, na sisi wa mji huu, ambao wageni hushuka kwenye basi wakiwa tayari na hadithi zetu za uchawi mdomoni, hatuhitaji kuwaongezea nyingine. Kwa hiyo unakula mlango wazi, na anayepita unamwambia karibu, na akikaribia anaona sahani yako.

Mchana mmoja mwanzoni mwa mvua, akapita Flavian.

"Hodi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu tule," alisema Isdori, maana mdomo una mazoea yake.

Flavian aliingia, akanawa, akaketi, ndipo akaona. Ugali mweusi. Mlenda. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Akamtazama mzee, akatazama sahani, akamtazama mzee tena.

"Mzee, mbona hivi?"

Isdori angeweza kuvumilia mengi, lakini si kuonekana amefilisika mbele ya mtu aliyekuwa akimtuma kubeba magunia. Alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Daktari," akasema. "Daktari amenikataza vingine vyote. Nina sukari."

Flavian akavua kofia. Emerensiana akaacha kutafuna, akainamia bakuli la mlenda kama mtu anayetafuta sindano humo ndani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha uzima, nadhani kwa sababu hawakuwahi kukutana na Isdori.

Habari ilifika sokoni kabla Flavian hajafika dukani kwake. Bibi mmoja alisema sukari imelipiza kisasi, mtu huwezi kuificha chini ya kaunta miaka yote hiyo ikakuacha hivihivi. Lakini baada ya pole za wiki ya kwanza, watu walianza kuona jambo jingine. Mgonjwa alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani, akipiga mluzi. Flavian wakati huo alikuwa amenenepa mpaka akipanda ngazi za dukani kwake hupumzika katikati, na ngazi zenyewe ni tatu.

"Kama mgonjwa yuko vile," alimwambia mkewe, "mzima akila hivyo atakuwaje?"

Akaanza yeye. Akafuata mwalimu mkuu, akafuata karani wa halmashauri, kisha wake zao, kisha mtu yeyote aliyetaka kuonekana ana uwezo wa kuumwa ugonjwa wa wakubwa. Kwaresima ilipoingia, padri alifurahi sana, akidhani waumini wamefunga. Wakaja nyumbani kwa Isdori kuomba ulezi kidogo wa kuanzia, ule wenyewe wa dawa. Isdori akavaa koti lake la kaki, akafungua kihenge, akawagawia kwa kopo, akiwasawazishia juu kwa kiganja kama zamani. Siku zile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kufuli lile.

"Baba Victoria," alisema Emerensiana, akichungulia kihenge, "sisi tutakula nini?"

"Tutanunua," akajibu, kwa sauti ya mtu wa kaunta.

Ruksa ni ruksa, na bei nayo ilikuwa imeruhusiwa. Emerensiana alirudi sokoni na kikapu kitupu. Ulezi ulikuwa umepita mchele. Dona ilikuwa imepita sembe, watu wakilipa zaidi ili mashine ifanye kazi pungufu. Mlenda uliokuwa ukiota penye mabomba yanayovuja ulifungwa vifurushi, ukapangwa dukani kwa Flavian chini ya maandishi: CHAKULA CHA MZEE ISDORI. Lori lilitumwa hadi kijiji cha Kate kufuata maharage. Kutoka Wampembe, kule ziwani, dagaa waliokuwa wakiletwa na kila mtu sasa waliletwa kwa oda.

Minza alimwonea haya Emerensiana. "Mama Victoria, michembe hii nilikuwa nawafungia watoto wakienda kuchunga," alisema. "Sasa wanaifuata na gari. Nikikupa wewe kwa bei ya zamani, mume wangu ataniuliza."

Kwa hiyo Isdori akashindwa kumudu chakula cha maskini. Amecheka nani? Emerensiana hakucheka. Alikaa jikoni akilia kwa hasira, na alipomaliza kulia alimwambia mumewe aende akaseme ukweli kwa watu, ili walau wamkopeshe. Isdori akasema afadhali afe. Kwa mwendo ule, hilo halikuwa mbali.

Wokovu ulikuja na gunia. Mtaa mzima ulipoacha mkate mweupe, mikate ya Flavian ilianza kumdodea.

"Mzee, bado unafuga yule nguruwe?" aliuliza akipita na gari.

Nguruwe alikuwa ameuzwa Krismasi. "Ninaye," alisema Isdori.

"Basi nitakuletea mikate iliyolala, umpe. Wewe mwenyewe usiiguse, tafadhali. Kwako ni sumu."

Kuanzia hapo, gunia la mikate likawa likishushwa mlangoni, na mzee na mkewe wakawa wakifunga mlango. Walikaa gizani, pazia limeshushwa, wakila mkate mweupe kwa chai ya rangi, wakitafuna taratibu ili ganda lisilie. Watu waliotamani kumficha mgeni mlenda sasa walificha mkate. Ukipita nje ulisikia Emerensiana akiita kwa sauti kubwa nyuma ya nyumba, "Njoo ule, nguruwe wewe," kwa ajili ya majirani. Wapo waliodai kwamba walimsikia akijibu.

Tumbo la Isdori lilifunga kama duka la ushirika. Mashavu yakavimba, pumzi ikawa fupi, mzigo wa kuni ukamshinda. Mtaa ukaona, ukatikisa kichwa. Sukari inampanda mzee, walisema, na tazama sasa anakula mlango umefungwa. Hilo la mlango walilisema kwa sauti ya chini.

Wiki ya kuelekea Pasaka, Flavian aliamua kwamba nguruwe aliyekula mikate yake tangu Kwaresima inaanza lazima awe wa ajabu, na kwamba atamnunua. Alikuja adhuhuri. Akabisha hodi, kimya. Akazunguka nyuma, akakuta banda lina buibui. Akarudi mbele, akasukuma mlango.

Isdori alikuwa na nusu ya mkate mkononi na nusu nyingine mdomoni.

Kama angekuwa mwizi wa mkate, angefahamika. Lakini Flavian hakuona mwizi. Aliona mgonjwa wa sukari, aliyechoka na ugonjwa, amejifungia gizani na sumu, na mkewe amekaa pembeni na kikombe cha chai akimsindikiza.

"Jamani, mzee anajiua," aliita.

Mtaa ukajaa ndani ya chumba kile kabla Isdori hajameza. Mwalimu mkuu alimshika mikono, karani akambana taya, mtu akamtia vidole mdomoni kutoa mkate, naye akauma, wakasema tayari hajui anachofanya. Emerensiana alisema mara nyingi kwamba huyu ni mzima. Wakamwambia pole mama, wake wengi husema hivyo. Wakampakia kwenye lori juu ya magunia ya ulezi yaliyokuwa yakienda Mbeya, na njia nzima ya hospitali alilala juu ya chakula chake mwenyewe.

Hospitalini walimpima. Muuguzi akatoka na karatasi, akasema mzee huyu hana sukari hata ya kukoroga kikombe cha chai. Kilichomsumbua ni kukosa choo.

"Dawa imefanya kazi," alisema karani, na watu wakashangilia.

Hapo Isdori akachoka. Aliketi kitandani, akapangusa makombo kwenye koti la kaki, akayasema yale maneno ambayo alikuwa tayari kufa kuliko kuyasema.

"Sikuumwa. Sikuwahi kuumwa. Nilikula vile kwa sababu sina hela. Sina. Hakuna."

Watu wakatazamana. Kisha mwalimu mkuu akamfunika shuka taratibu.

"Mkate umempanda kichwani," alisema. "Apumzike."

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, mkate huwa una tabia hiyo. Isdori aligeukia ukutani, akalia. Maisha yake yote alisema hakuna wakadhani kipo, na siku aliyofungua moyo wake mbele za watu wakaona anaweweseka.

Aliporudi nyumbani alikuta kihenge kimejaa. Ulezi, dona, maharage, chupa ya asali, dagaa wa Wampembe, na michembe ya Minza juu yake. Cha mgonjwa, waliambiana, kila aliyekuja akiweka alichokuja nacho na kuondoka upesi. Emerensiana alisonga ugali, akafungua mlango mpaka ukagusa ukuta, wakala. Isdori hakuwa na raha. Kula kwa uongo ulioutunga mwenyewe ni kazi nyepesi. Kula kwa uongo ulioukana ni nzito.

Flavian alipopita akakaribishwa. Alinawa, akaketi palepale alipoketi siku ya kumbikumbi.

"Flavian, hebu nisikilize," alisema Isdori. "Nguruwe nilimwuza Krismasi. Mikate yako tulikula sisi. Nilichosema hospitali ndicho."

Flavian alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala mpaka likaisha.

"Tulikusikia, mzee."

"Mlisema mkate umenipanda kichwani."

"Tulisema." Akamega tena. "Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, nilikuja dukani kuomba sukari ya uji wake. Foleni imejaa. Ukanifokea mbele ya watu, hakuna, toka hapa na mkokoteni wako. Unakumbuka?"

Isdori alikumbuka.

"Kisha ukanifuata kwa mlango wa nyuma na mfuko chini ya hilo koti. Ukasema nikitaja, utanikana. Nikaenda nao nikijiona peke yangu nina bahati. Juzi pale hospitali, ulipolala, ndipo tukagundua. Mwalimu alipita mlango ule mama yake alipokuwa anaumwa. Karani alipita. Kila mtu alipita, kila mtu alinyamaza." Akalamba kidole. "Sasa usirudie kusema huna hela, mzee. Ukirudia, itabidi tukuonee huruma, na wewe huiwezi. Wewe umwa tu."

Emerensiana alicheka, ikawa mara ya kwanza tangu mvua zianze, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Nje Minza alikuwa akipita na kibuyu cha maziwa. Akasimama, akachungulia kwa adabu.

"Mzee anaendeleaje?"

Isdori alimtazama Flavian, akautazama mlango ulio wazi.

"Bado bado," akasema. "Bado naumwa. Karibu tule."